Mwenye Hoteli Asiyeonja

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliwasha televisheni, nikaliona lile birika. Birika la shaba lenye mdomo mrefu kama shingo ya korongo, na aliyelishika ni mwanamume mwembamba wa Kichina mwenye taulo begani. Akaliinua juu ya kichwa chake, chai ikashuka kama uzi hadi kikombeni bila tone moja kuanguka mezani. Nikamwambia mjukuu asiguse kitu, aache hapohapo.

Siku hizi picha hizo zimetiwa sauti za Kiswahili. Wachina wanasema "karibu mzee" na "pole sana" kama sisi, kwa hiyo safari hii niliifuata yote mpaka mwisho. Ni hadithi ya hoteli ya chai katika mtaa wa maskini. Vita vinapita, wakubwa wanabadilika, bei zinapanda, na mwenye hoteli anaendelea kuchemsha maji na kukaribisha watu. Katika picha nzima hakuna mtu mwema kumzidi yeye. Kuna mzee mmoja, fundi viatu, aliyeuza hadi nyundo yake. Mwenye hoteli anamtilia kipande cha sukari kikombeni, chini ya kaunta, wengine wasione, kwa sababu sukari imekuwa adimu. Mzee anakunywa, analaza kichwa mezani, anakufa. Amekufa kwa njaa. Picha yenyewe inasema waziwazi kwamba ni njaa.

"Babu, umeshawahi kuiona hii?" mjukuu akaniuliza.

Nikamjibu niliiona nikiwa mdogo kuliko yeye. Sikumwambia kwamba wakati ule, Kasulu nzima, tulimwona yule mwenye hoteli akiua.

Ninyi wa rika langu mliokulia kule mnaikumbuka Kasulu ya wakati huo: udongo mwekundu uliogeuka utelezi mvua ikinyesha, migomba hadi nyuma ya maduka, na baridi ya asubuhi iliyowafanya wanaume waje mjini wamejifunga mablanketi. Hoteli ya baba yangu ilikuwa karibu na sokoni. Chumba kimoja cha matofali mabichi, mabenchi mawili marefu, kaunta ya mninga, na jiko kwa nyuma. Hata leo nikisikia harufu ya maziwa yaliyofurika yakaungulia juu ya mkaa, narudi pale.

Baba alikuwa Mswahili wa Ujiji, na babu yake alitoka pwani. Watu walimwita Mzee Sudi kabla hajaota hata mvi moja, kwa sababu ya kanzu na kofia na namna yake ya kusema taratibu. Mama alikuwa Muha wa Makere, akasilimu alipoolewa. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee.

Kila asubuhi kulikuwa na jambo moja ambalo nililiona bila kulielewa. Wanaume wa Kiha walioleta maharage na mihogo sokoni walifika mlangoni, wakasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha wakabaki wamesimama. Hawakai. Wanasimama tu, wanatazama jikoni. Mama anatoka na birika la kwanza, anajimiminia kidogo kwenye kiganja, analamba, anakubali kwa kichwa.

"Sukari imekolea. Karibuni, karibuni."

Ndipo wanakaa. Mimi niliamini anapima sukari. Baba naye aliamini hivyohivyo, na mara nyingine alimtania kwamba anawamalizia wateja chai.

Kwa watu wa mama, anayekupa kinywaji hunywa yeye kwanza. Awe ndugu, awe rafiki wa damu, kibuyu cha pombe hakifiki kwako kabla mwenyeji hajakitia mdomoni, ili ujue hamna sumu. Si matusi wala si shaka. Ni adabu, kama kupiga hodi. Kwa watu wa baba, kutia mdomo katika kikombe cha mgeni ni uchafu ambao hata mtoto angechapwa kwa kuufanya.

"Sudi, mbona chai yako mwenyewe huinywi?" Mzee Gwasa alimwuliza siku moja, wote wakisikia.

"Mzee wangu, kwetu mwenye nyumba anakunywa mwisho. Kikibaki."

"Na kisipobaki?"

"Namshukuru Mungu kwamba wageni wameshiba."

Watu walicheka sana. Mama hakucheka. Alitoka na birika, akajimiminia kiganjani.

Huyo Mzee Gwasa alikuwa mhunzi wa zamani aliyeacha kazi kwa sababu ya kifua. Moshi wa miaka mingi ulimkaa ndani, akikohoa benchi zima linatikisika. Alikuwa rafiki wa baba kuliko wote. Walikuwa wakibishana juu ya mambo wasiyoyajua, kwa mfano kama bahari ina ukingo, na hakuna aliyetaka mwenzake akubali.

Kisha bibi akaugua huko Makere, na mama akaenda kumwuguza. Nilibaki na baba. Yeye alipika, mimi niligawa maandazi kabla ya kwenda shule. Asubuhi za kwanza wanaume walisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida, wakatazamana, mwisho wakakaa. Wengine hawakukaa. Baba alidhani ni kwa sababu maandazi yake yalikuwa magumu.

Ni wiki hiyo gari la sinema lilipokuja.

Lilizunguka mji mchana kutwa na vipaza sauti vyake, na jua lilipozama tulikuwa wote kiwanjani, watoto mbele, wanawake ubavuni na vigoda vyao vya kukalia, wanaume wamesimama nyuma. Shuka jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli. Kulikuwa na harufu ya dizeli ya jenereta na ya majani mabichi yaliyokanyagwa. Wachina walikuwa marafiki wa nchi yetu wakati huo, kwa hiyo picha ilikuwa ya Kichina, na msimulizi aliyekuja na gari alikuwa amekaukwa na sauti kwa safari. Wakamtafuta mtu wa kumsaidia. Wakampa kipaza sauti Bwana Lameck, karani wa ghala la mahindi, ambaye hakujua neno hata moja la Kichina lakini alikuwa msemaji hodari kuliko wote mjini, iwe harusini iwe msibani.

"Ndugu wananchi," Lameck akaanza, "hapa tupo China. Hii ni hoteli. Na huyu mnayemwona na taulo, huyu ni Mzee Sudi wa China!"

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Watu wakageuka kumtafuta baba. Alikuwa nyuma na kanzu yake, akainua mkono kama kiongozi, amefurahi kabisa. Nilijivuna hata nikawasukuma wenzangu ili wanione.

Lameck akaendelea kutunga. Askari wakiingia, anasema wamekuja kudai kodi. Mwanamke akilia, anasema ameachwa. Watu walikuwa wanakubali tu. Halafu akaja yule fundi viatu, akakaa, na mwenye hoteli akainama chini ya kaunta na mkono wake ukafanya kitu haraka juu ya kikombe.

"Tazameni! Tazameni mkono huo! Ametia kitu!" Lameck alipaza sauti, naye alikuwa Muha, aliona kama walivyoona wote. "Haya, anampelekea. Anampa. Je, ameonja?"

"Hajaonja!"

"Sikuwasikia!"

"Hajaonja!"

Na mzee akalaza kichwa mezani.

Jenereta tu ndilo lililosikika. Kisha mwanamke mmoja upande ule akasema, taratibu, "Yuu. Kamuua."

Mimi nilidhani sinema ni picha ya mambo yaliyotokea. Nilidhani kuna mtu mahali fulani China amezikwa, na kwamba aliyempiga picha alisimama akatazama bila kusema. Usingizini nilimwona mwenye hoteli mwenye taulo, na asubuhi nilipoamka nilimkuta baba jikoni, taulo begani, kama siku zote.

"Lameck mwongo yule," baba aliniambia huku akipepea mkaa. "Yule Mchina ana uso wa huruma. Mtu wa kazi yangu namjua kwa macho."

Nilikuwa natazama mikono yake.

Siku ileile, Mzee Gwasa alipokuja, nikaona. Baba aliinama chini ya kaunta akatoa kichupa kidogo cha rangi ya kahawia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akadondosha matone kwenye kikombe, akakoroga. Alipoinua macho akaniona namtazama. Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu.

"Usiwaambie watu," akaninong'oneza. "Kitaisha."

Ilikuwa karafuu iliyochemshwa na asali. Shangazi yake aliituma kutoka Ujiji, na baba aliiweka kwa ajili ya kifua cha rafiki yake tu, maana wangejua wengine, kila mwenye mafua angeitaka. Leo najua. Wakati ule nilijua kitu kingine, na nilikijua kwa hakika ya mtoto, ambayo haina mlango wa kutokea. Baba alimpelekea Mzee Gwasa kikombe. Hakuonja.

Aliendelea kumpa kila siku. Sikuwahi kumwambia mtu. Nasema hivi si kujisifu. Sikusema kwa sababu niliogopa nitafuatia mimi.

Mzee Gwasa alifia nyumbani kwake, Jumapili, watu wakiwa misani. Alikuwa anatema damu tangu mvua zilipoanza na kila mtu alilijua hilo. Baba alikwenda kuzika. Alirudi na udongo kwenye viatu, akakaa jikoni bila kuwasha moto, akalia. Nilimsikia, nikawaza: analia kwa sababu ya alichokifanya.

Asubuhi iliyofuata walikuja wengi kuliko ambavyo hoteli ingeweza kuwakalisha. Walisimama nje mpaka barabarani. Mbele alikuwa Filbert, mtoto mkubwa wa marehemu, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye aliwahi kunibeba kwenye fremu hadi shuleni. Lameck alikuwepo pia, kwa pembeni.

"Mzee Sudi, tumekuja kunywa chai," Filbert alisema.

"Karibuni. Na poleni tena, baba. Kaeni, leo ni chai ya msiba, kunyweni tu."

"Tutakaa. Lakini leo utaonja."

Baba alitabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Filbert, baba yako amekaa kwenye benchi hilo tangu wewe hujaota ndevu. Nilimnyima nini?"

"Sijasema ulimnyima. Nasema onja."

"Mkewe ndiye aliyekuwa anaonja," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Mkewe kaondoka, mzee kafa."

"Mke wangu anaonja nini?"

Watu wakacheka, si kwa furaha. "Hee! Hata hajui!"

Nilimwona baba akikumbuka. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayepapasa mfuko aliokuwa na uhakika nao. Asubuhi zote zile, kiganja cha mama. Akashika ukingo wa kaunta.

"Ni kwa sababu ya ile sinema?" akauliza. "Lameck. Wewe ndiye uliyesema. Waambie ulikuwa unatunga. Unajua Kichina wewe?"

Lameck alitazama viatu vyake. Kila mtu alimngoja, na naamini kwamba kama angesema neno moja la mzaha, mzaha wowote, wangekaa chini wakanywa.

"Mimi nilisema kilichoonekana, Mzee Sudi," akajibu. "Wote tuliona."

"Onja, basi yaishe," mama mmoja muuza dagaa akasihi, na alisihi kwa wema. "Kidogo tu, Mzee Sudi. Ulimi tu. Utapungukiwa nini?"

Angeweza. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote na najua angeweza. Lakini baba alikuwa mtu wa namna moja, na walimtaka afanye kwa amri, mbele ya mwanawe, kitu ambacho kwake ni uchafu, ili kuthibitisha kwamba yeye si muuaji. Alijinyoosha.

"Mimi sinywi kwa kuamrishwa kama mwizi," akasema. "Lakini sitaki mwende na shaka. Huyu hapa mwanangu. Ninaye huyu tu, wote mnajua. Atakunywa yeye, mbele yenu, chai hiihii ya birika hili. Yupo hapa mtu anayemuua mwanawe?"

Filbert mwenyewe akakubali kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha, kila mtu aliona imekwisha, na wengine walishaanza kusogeza benchi.

Baba alimimina chai. Aliinua birika juu kuliko kawaida yake, labda kwa furaha, labda kwa kuwaonyesha. Akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Bismillahi. Kunywa, baba."

Kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu. Utando wa maziwa ulikuwa unajikunja juu yake. Nilikuwa na njaa, na ile chai niliipenda kuliko kitu chochote. Nikakiinua hadi kwenye midomo, nikahisi mvuke, na nyuma ya mvuke nikauona uso wa baba ukinitazama na kutabasamu, taulo begani. Nikakishusha.

"Baba," nikauliza, "hii umetia ile ya kwenye kichupa?"

Nilinong'ona. Niliamini nanong'ona. Lakini chumba kilikuwa kimya hata ungesikia mkaa ukipasuka jikoni.

Tabasamu halikutoka mara moja usoni kwake. Lilibaki pale, halina kazi, huku macho yakiwa yameshaelewa. Filbert alizunguka kaunta, akainama, akainuka na kichupa.

"Hii nini?"

"Karafuu na asali. Dawa ya kifua. Nilikuwa namwekea baba yako."

"Kwa nini ulificha?"

"Ili isiishe."

Hata mimi nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo. Baba alikichukua kile kichupa mkononi mwa Filbert, akang'oa kizibo, akakinywa chote mbele yao, yeye ambaye dakika chache kabla alikataa kugusa chai kwa ulimi. Akakigeuza juu chini waone hakuna kilichobaki. Akasimama, anangoja. Nao wakangoja. Hakuanguka.

"Mlozi hauawi na dawa yake," sauti ikasema nje, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Na hilo nalo likakubaliwa.

Hakuna aliyempiga. Mara nyingi nimetamani wangempiga, maana mtu akipigwa huja wa kumwonea huruma. Filbert aliazima msumari kwa muuza viatu, akaokota jiwe, akakaa kizingitini. Wakampitishia vikombe kimoja kimoja, akavitoboa matako. Tii, tii, tii. Kikitobolewa, kinarudishwa juu ya kaunta, kinapangwa vizuri na wenzake. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akivipokea kwa macho. Walipomaliza vyote kilibaki nilichokishika mimi. Filbert alikitoa mkononi mwangu taratibu, akamwaga chai nje, akakitoboa. Kisha akanipapasa kichwani.

"Umefanya vizuri, mtoto. Mungu amekuokoa."

Wakubwa kadhaa wakanitazama kwa upendo. Na sitaandika uongo: nilifurahi. Nilisimama kati ya watu wale nikahisi joto la kusifiwa, na sikumtazama baba.

Walipoondoka alimimina chai iliyobaki kwenye bakuli, akanywa akiwa amesimama, mpaka mwisho. Akasuuza bakuli.

"Nenda shule," akaniambia. "Utachelewa."

Shuleni habari ilikuwa imefika kabla yangu. Waliniita Kichupa. Hawakunywa maji baada yangu kwenye kata ileile. Nilivumilia siku chache, kisha nikagundua njia. Nilisema, "Hata mimi sinywi kwake." Wakaniuliza kweli? Nikasema kweli, nakula kwa jirani, naogopa. Wakaanza kunipa mpira tena. Nikaongeza na mengine: kwamba anaongea peke yake jikoni, kwamba ana kichupa kingine kikubwa zaidi. Kila nilipoongeza, walinisogelea. Watoto wana soko lao, na mimi nilipata cha kuuza.

Hoteli ilibaki wazi lakini haikuingia mtu. Baba aliwasha moto kila alfajiri, akachemsha maziwa, akasimama mlangoni kusalimia wapita njia. Waliitikia salamu vizuri sana. Jioni tuliwapa mbuzi wa jirani yale maziwa, mpaka jirani naye akaanza kuwafunga mbuzi wake.

Mama alirudi bibi alipopata nafuu. Aliingia na kikapu cha viazi, akaviona vikombe vimepangwa, akakiinua kimoja, akatazama mwanga kupitia tundu lake. Alikaa palepale sakafuni.

"Ulikuwa unawaonjea," baba alimwambia.

"Nilikuwa nawaonjea."

"Miaka yote."

"Miaka yote, Bwana Sudi."

"Mimi nilidhani wanakuja kwa sababu yangu." Alisema kama anauliza. "Kumbe ulikuwa unanidhamini kama mtu aliyetoka jela. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeonja?"

Baba alifikiri kwa muda mrefu. Hilo nililipenda kwake hata nikiwa mtoto: ukimwuliza kitu alikifikiri kweli.

"Nisingeonja," akasema.

Mama akaniita kwake. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote na jirani njiani. Nilitegemea fimbo. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanitazama kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu. "Hata wewe?"

Ulipofika wakati wa watu kuhamishiwa vijijini, wazee wa mtaa walitaja majina ya wasio na kazi mjini. Baba akatajwa. Mtu ambaye hoteli yake haina mteja hana kazi, ndivyo walivyoeleza, na ukitazama maneno tu walikuwa sahihi. Lori lilitupakia sisi na milango yetu na mabenchi, likatushusha mbali, upande wa Kibondo, karibu na Nyabibuye, porini ambapo nyasi zilimzidi mtu urefu. Majirani zetu wengi walikuwa watu waliokimbia Burundi, ambao walikuwa wameona mambo mabaya kuliko ya vikombe. Baba hakuwahi kushika jembe maishani. Viganja vyake vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Kofia akaacha kuvaa kwa sababu jasho liliiharibu. Hakuna aliyemwita Mzee Sudi kule. Walimwita yule mzee wa Kiswahili.

Na huko ndiko alikoanza. Jioni ya kwanza mama alipika uji, baba akaninyooshea bakuli langu, kisha akalirudisha kwake. Akanywa funda moja, akalimeza, akaniangalia ili ahakikishe nimeona. Ndipo akanipa.

Nilidhani ni siku ile tu. Alifanya vile kesho yake, na kila siku baada yake. Maji, chai, supu, hata muwa: alitafuna kipande cha kwanza mbele yangu. Mtu yule aliyesema kutia mdomo kwenye kikombe cha mwenzako ni uchafu, aliyekataa mbele ya mji mzima, alionja kila kilichonifikia mpaka nilipoondoka kwenda shule ya sekondari. Hakusema neno wala hakukunja uso. Kama alinichukia, hakukuwa na mahali pa kuiona chuki hiyo. Mara moja tu, nikiwa nimeshaota ndevu, nilimwambia, "Baba, usionje. Nimeshaelewa." Akasema, "Hujambo, kula." Akaonja.

Nilirudi likizo, akaonja. Nilirudi na mke, akaonja chakula changu mbele ya mke wangu, na mke wangu akaniuliza usiku ule kama baba yangu ana maradhi ya akili. Nikamjibu kwamba ni desturi ya kwetu.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nilikwenda mimi kumwuguza. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu. Asubuhi moja nilimpikia uji wa ulezi mwembamba, nikautia sukari, nikaupoza, nikamwinua kwa mkono mmoja nyuma ya shingo. Na kwa kuwa nilikuwa nimetafuta miaka mingi namna ya kumwomba radhi bila kuipata, nikafanya lile nililoona linatosha. Kabla sijampa, nikakiweka kikombe mdomoni mwangu nikanywa funda moja, nikimtazama.

Baba alinitazama mpaka nikamaliza kumeza.

"Unanionjea?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini taratibu ileile. "Mimi nilikushuku lini?"

Nikamsogezea kikombe. Akafunga midomo, akageuza uso ukutani. Nilikishika hadi uji ukaganda, kisha nikatoka nje nikaumwaga.